Nani Alilipia Maji ya Bure

Ankara ya maji ya nyumbani Dar es Salaam ni kitu kifupi, na siku hizi wengi huipata kama ujumbe wa simu tu. Ina usomaji uliopita wa mita, usomaji wa sasa, tofauti yake, bei ya yuniti, mstari wa majitaka kwa aliyeungwa kwenye bomba lake, asilimia moja ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, deni la nyuma kama lipo, na namba ya kulipia. Tuseme mita ilisoma 1,284 na sasa inasoma 1,301: nyumba imetumia yuniti 17. Yuniti ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, au madumu 50 ya lita 20. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaiweza, na wala si hesabu inayowaudhi watu. Kinachowaudhi ni imani kwamba zamani maji yalikuwa bure, kisha akaja mtu akayafungia mita. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi, lakini ukiifuatilia mpaka chanzo chake unakuta mambo mengine. Maji yaliyofikishwa mlangoni hayajawahi kuwa bure katika pwani hii. Aliyelipa ndiye aliyekuwa akibadilika, na kwa muda mrefu jina lake halikuandikwa popote.

Zanzibar ndiko kumbukumbu ya maji ya bure ilikokita mizizi. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mfereji na mabomba kutoka chemchemi ya Chem Chem hadi mjini, na watu wakateka bila kutoa pesa. Kwa mji uliozoea visima na maji ya kuletwa kichwani, hiyo ilikuwa neema kubwa, na jina lake bado linatajwa kwa heri kwa sababu hiyo. Lakini mabomba yale yaligharimiwa na hazina ya Sultani, na hazina ilijazwa na forodha na ushuru wa karafuu. Karafuu za Unguja na Pemba zilipaliliwa na kuchumwa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Aliyekuwa akipanda mkarafuu kule shamba alichangia bomba la mjini ambalo huenda hakulinywea hata siku moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 desturi ya kutomtoza mwananchi iliendelea, hadi sheria ya 2006 iliyoanzisha Mamlaka ya Maji, ZAWA, ilipofungua mlango wa kuchangia. Waliopinga mchango huo walitetea urithi wanaoujua. Sehemu ya urithi huo iliyokuwa imesahauliwa ni jasho lililoulipia.

Bara, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kipimo cha maji cha mtu wa kawaida mjini kilikuwa debe, lile bati la mafuta ya taa la galoni nne, na aliyenunua kwa debe hakuwa na mita wala ankara. Mtambo wa maji ya Dar es Salaam wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976, na bado maji hayo yalitangulia kwenye nyumba zilizokwisha kuungwa. Kwa vijijini, serikali ilizindua mwaka 1971 mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwananchi awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake, na asitozwe. Lilikuwa lengo la utu, na siwezi kulidharau. Ila dizeli ya pampu ilihitaji fedha, spea zilihitaji fedha za kigeni, na hazina ilipokaukiwa pampu zilisimama. Sera ya maji ya 1991 na ile ya 2002 zilikuja kuandika kwa lugha ya serikali kwamba maji yana gharama, jambo ambalo wanawake walikuwa wameshalibeba vichwani.

Hilo la vichwani lilipimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gilbert White, David Bradley na Anne White walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakihesabu maji yanayotumika nyumbani, na miaka 30 baadaye watafiti wengine walirudi katika sehemu zile zile. Nyumba zenye bomba zilikuwa zimeshuka kutoka wastani wa lita 128 kwa mtu kwa siku hadi 66. Kwa wasio na bomba mijini, muda wa kuteka maji ulikuwa umepanda kutoka dakika 28 kwa siku hadi 92. Dakika hizo ni malipo. Aliyetaka kuzikwepa alinunua kwa muuza maji wa mkokoteni, na hapo hesabu ya dumu inasema wazi: dumu likiuzwa shilingi 200, yuniti moja imefika shilingi 10,000. Bei ya bomba la nyumbani Dar es Salaam haijakaribia hata nusu ya kiasi hicho. Asiye na ankara ndiye aliyelipa zaidi, tena bila stakabadhi.

Mtu anaweza kuniuliza: kama ni hivyo, mbona ankara yenyewe iliwahi kugeuzwa biashara ya wageni? Ni swali la haki. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya Dar es Salaam ulikabidhiwa kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wa hapa nchini, Superdoll. Ubinafsishaji huo ulikuwa miongoni mwa masharti ya Tanzania kusamehewa madeni. Katika mpango huo kila shilingi ya mteja iligawanywa: fungu la mwendeshaji, fungu la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji iliyomiliki mali, na fungu la mfuko wa kuwaunga wateja wapya. Makusanyo hayakufikia hesabu za zabuni, kampuni ikashindwa kulipa ada ya kukodi mali hiyo, na Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Mwaka 2008 baraza la usuluhishi lilikuta kwamba Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa namna ilivyomwondoa mwekezaji, lakini halikumpa fidia hata senti, kwa kuwa mkataba wenyewe ulikwisha kukosa thamani. Ninachokiona mimi humo ni kwamba ushahidi wa kushindwa ulitoka kwenye ankara zenyewe. Kilichotozwa, kilichokusanywa na kilichopotea njiani vilikuwa na tarakimu, na tarakimu zinaweza kupelekwa mezani zikabishaniwa.

Pingamizi zito zaidi ni la imani: maji ni riziki ya Mungu, binadamu hana ruhusa ya kuyauza. Mafundisho ya Kiislamu yanayoyahesabu maji, malisho na moto kuwa ushirika wa watu wote yanajulikana sana pwani, na wanaoyataja hawakosei. Mafakihi hao hao walitofautisha maji ya mto na maji yaliyokwisha kutekwa na kutiwa chomboni, ambayo yana mwenyewe kwa sababu ya kazi aliyoifanya. Anayechota Mto Ruvu kwa mkono hatozwi na mtu. Kinachotozwa ni pampu, dawa na bomba linalovuka makumi ya kilomita hadi mjini, pamoja na kiasi kinachovuja au kuibwa njiani, na hapo mteja ana haki ya kukasirika, maana analipia uzembe wa wengine. Vivyo hivyo kwa ankara ya kukadiriwa, au mita inayozunguka kwa hewa kabla maji hayajafika. Mwenye ankara anaweza kwenda nayo ofisini, akaonyesha usomaji ulioandikwa na ule ulioko kwenye mita, na akishindwa akafika EWURA, inayochangiwa na ile asilimia moja. Mnunuzi wa dumu akipandishiwa bei wakati wa ukame hana pa kupeleka malalamiko yake.

Katika ankara yote, mstari wa majitaka ndio unaoeleweka kidogo zaidi, kwa sababu hakuna mita ya maji yanayotoka. Mamlaka huchukulia tu kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyoingia itatoka. Nairobi, kwa mfano, kwa miaka mingi mteja aliyeungwa alitozwa asilimia 75 ya gharama ya maji yake. Dar es Salaam sehemu ndogo tu ya nyumba zina bomba hilo, na nyingi za zilizobaki zina vyoo vya shimo. Shimo likijaa huitwa gari la kunyonya. Asiyemudu gari husubiri mvua kubwa, hutoboa ukuta wa shimo usiku, na uchafu huondoka na mafuriko kuelekea kwa jirani. Uswahilini kitendo hicho huitwa kutapisha choo. Kipindupindu kilipozuka jijini Agosti 2015, hiyo ndiyo ilikuwa moja ya njia zake. Na hata anayeita gari haoni deni lake likiandikwa: gari hulipia kumwaga kwenye mabwawa ya Vingunguti au kwingineko, na malipo hayo yamo ndani ya bei anayotajiwa mwenye nyumba mlangoni, bila mchanganuo, injini ikiunguruma.