Wepesi wa Matumizi ya Linux: Historia Fupi, 1996–2011

Mwaka 1996, Matthias Ettrich alianzisha KDE nchini Ujerumani, kwani programu za Unix zilitofautiana mno kwa sura na mwenendo, zikamtatiza mtumiaji wa kawaida. GNOME ilifuata mwaka 1997. Hata hivyo, jaribio la Sun Microsystems la mwaka 2001 lilibainisha kuwa menyu zilizowaelea wahandisi ziliwapotosha watumiaji. GNOME 2 ya mwaka 2002 ikapunguza mipangilio. GNOME 3 ilipobadilisha mpangilio wa skrini mwaka 2011, baadhi ya waliouzoea ule wa awali walihamia MATE, iliyouendeleza. Yadhihirika kwamba wepesi hutokana pia na mazoea. Hivyo, serikali inayokusudia kuhamia Linux haina budi kuijaribu kwanza kwa watumishi wake.