Fahamu Ugumu wa Kubuni na Kupima Viungo vya Etheneti ya Kasi Kubwa

Etheneti ni mfumo wa kanuni unaoviwezesha vifaa vya kompyuta kupeana taarifa kwa nyaya za shaba au nyuzi za mwanga. Viwango vyake hutolewa na taasisi ya kimataifa ya wahandisi, IEEE. Kiwango cha mwaka 1983 kilikuwa cha megabiti 10 kwa sekunde. Cha mwaka 2010 kilifikia gigabiti 100, cha mwaka 2017 gigabiti 400, na cha mwaka 2024 gigabiti 800.

Mwananchi wa Malolo, mkoani Lindi, huenda asiione mitambo hiyo, lakini anaitegemea. Korosho za wakulima wa Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI, kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei ya mnunuzi hupita katika swichi na nyuzi hizo, na zabuni isiyofika kwa wakati haihesabiwi.

Ugumu mkubwa ni makosa. Tuchukue kiungo kinachokosea biti 1 katika kila biti trilioni 1. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, kosa hutokea mara moja katika saa 28 hivi. Kwa gigabiti 400, hutokea kila baada ya sekunde 2.5. Ubora uliotosha zamani hautoshi tena.

Tena, ili kubeba taarifa nyingi zaidi, ishara iliyokuwa na ngazi 2 za nguvu sasa hupewa 4, na nafasi kati ya ngazi na ngazi hubaki theluthi moja ya ile ya awali. Kelele ndogo ya umeme hutosha kuifanya ngazi moja isomwe kuwa nyingine. Kwa sababu hiyo wahandisi wamekubali kuwa makosa yatakuwepo, wakaweka urekebishaji: kila alama 514 za taarifa huongezewa 30 za ukaguzi, na kipokezi huweza kusahihisha hadi alama 15 zilizoharibika.

Hapo ndipo upimaji unapokuwa mgumu. Kiungo huweza kuonekana kizima kabisa kwa mtumiaji, ilhali akiba yake ya urekebishaji inakaribia kwisha. Joto likipanda kidogo, kinakatika ghafla. Kipimo cha kuaminika ni kile kinachohesabu makosa kabla ya kusahihishwa, tena ishara ikiwa imedhoofishwa kwa makusudi. Kuridhika na taa ya kijani kwenye swichi si upimaji.

Vumbi nalo si jambo dogo. Kiini cha uzi wa masafa marefu kina upana wa mikromita 9 hivi, hivyo chembe moja kwenye kiunganishi huweza kuziba njia ya mwanga. Fundi makini hukagua ncha kwa hadubini kabla ya kuunganisha.

Nchini, nyuzi za masafa marefu ni pamoja na za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL). Zipo hitilafu ambazo urekebishaji wa alama hauziwezi: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Uzi unapokatika, mafundi hutuma mpigo wa mwanga na kupima muda wa mwangwi wake kurudi. Kwa kuwa mwanga husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya uzi, muda huo huonesha umbali wa mahali palipokatika.