Vidole Vyako Havina Makosa

Nina jambo leo, na najua wasee wa muziki watanikujia. Sawa tu, mje.

Mtoto wa dada yangu yuko Gredi ya 5. Jumatatu moja alirudi nyumbani na rekoda yake ndani ya soksi (ndiyo, soksi, kifuko chake kilipotea wiki ya kwanza), akapanda kiti, akaiweka juu ya friji, akaniambia, "Anko, mimi na hii kitu tumeachana." Mwalimu alikuwa amemwambia mbele ya darasa lote kwamba vidole vyake ni vifupi na hana sikio la muziki. Msichana ana miaka 10. Vidole vyenyewe bado vinakua!

Hiyo sentensi naijua. Mimi niliambiwa ya kwangu kampasi, mwaka wa pili, kuhusu hesabu, muda mfupi kabla sijatoka. Hiyo stori ni ya siku nyingine. Lakini usiku huo sikulala. Nilikaa na simu mpaka saa nane nikisoma jinsi filimbi ilivyofika hapa ilipo, na manze, kuna watu walishawahi kukataa hiyo sentensi karibu miaka 200 iliyopita.

Kwanza tuelewane. Filimbi ninayosema si ya refa wala ya polisi wa trafiki. Ni fluti, ile unayoilaza kando ya mdomo na kupuliza juu ya tundu kama mtu anayepuliza chupa ya soda. Mimi nilinunua moja ya mtumba mwaka jana kwa sababu nilichoka vidio zangu kutolewa eti nimetumia wimbo wa mtu. Siku ya kwanza ilitoa upepo. Siku ya nne, upepo. Jirani akaniuliza kama nimenunua pampu ya baiskeli. Siku ya tisa ndiyo nilijua siri: unachomoa kile kipande cha kichwani, hayo mengine yote unaweka kando, unapuliza kichwa peke yake mpaka kikubali. Pumzi lazima igonge ukingo wa pili wa tundu, nyingine iingie ndani, nyingine ipite juu. Geuza mdomo kidogo tu, sauti imeenda. Wengi huachia hapo, na hata hawajagusa tundu moja la kidole.

Sasa twende Ulaya, karne ya 18. Fluti ya wakati huo ilikuwa bomba la mbao lenye matundu sita ya vidole, na kibonyezo kimoja kwa kidole kidogo. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba Johann Joachim Quantz, mwalimu wa fluti wa Mfalme Frederick wa Prussia, alitoa kitabu kizima mwaka wa 1752 kueleza namna ya kuipiga. Ukiwa kwenye skeli moja, ile ambayo bomba lilitengenezewa, mambo yalikuwa fiti. Ukitoka hapo, noti nyingi hazikuwa na tundu lake. Ilibidi uzipate kwa ujanja: fungua tundu moja, ziba lile la chini yake, halafu urekebishe kwa midomo kwa sababu noti imetoka imefifia na haiko kwenye tuni.

Na kwa nini matundu hayakuwekwa mahali pake tu? Hii ndiyo sehemu iliyonipata. Sauti ina mahali pake inapotaka tundu, na inalitaka liwe kubwa. Mkono nao una urefu wake. Hivi vitu viwili havikubaliani. Basi mafundi waliyasogeza matundu mpaka vidole vikafika, wakayafanya madogo ili kidole kiweze kuziba. Bomba likawa na makosa, na makosa ya bomba yakalipwa na mdomo wa mpigaji. Mtu anafanya mazoezi miaka kumi kusahihisha kitu ambacho fundi alishindwa nacho. Kisha tunasema ana kipaji.

Mafundi walijaribu kusaidia, tusiwaonee. Kufikia mwisho wa karne hiyo, London ilikuwa na fluti zenye vibonyezo vingi, hata vinane. Lakini kila kibonyezo kiliongezwa kutatua shida moja, bila mtu kuangalia bomba zima. Ni kama nyaya za stima kwenye ploti ya Kayole: kila mpangaji ameongeza waya wake, taa zinawaka, ila hakuna anayejua upi ni wa nani.

Halafu anaingia jamaa anaitwa Theobald Boehm. Alizaliwa Munich mwaka wa 1794, baba yake sonara, naye akajifunza kazi hiyo hiyo. Mchana alifanya kazi ya mikono, na pia alipiga fluti vizuri mpaka akaingia okestra ya mfalme wa Bavaria. Mwaka wa 1831 alienda London, akamsikia Mwingereza Charles Nicholson. Nicholson alikuwa na mkono mkubwa na fluti yenye matundu makubwa kuliko kawaida, na sauti iliyojaza ukumbi. Boehm, staa huko kwao, akajua hapa hafui dafu. Uzeeni aliandika kwamba kama hangemsikia Nicholson, pengine fluti yake mpya haingekuwepo.

Simama hapo kidogo. Ushauri ambao sisi wote tumepewa maishani ni gani? Ongeza bidii. Rudi nyumbani, fanya mazoezi, amka mapema. Boehm alirudi nyumbani akalaumu bomba.

Mwaka wa 1832 akatoa fluti mpya. Alichofanya ni kugeuza maswali. Wengine walianza na mkono, kisha wakatafuta pa kutoboa. Yeye alianza na sauti: tundu liwe pale sauti inapolitaka, kubwa inavyolitaka, na mkono tutautafutia njia baadaye. Njia yenyewe ilikuwa vipete kuzunguka matundu na vyuma vyembamba vinavyozunguka kando ya bomba, ili kidole kimoja kikishuka kizibe na tundu lingine ambalo hakiligusi. Usonara huo sasa. Hakuridhika. Akaenda kusoma sayansi ya sauti, mtu wa miaka 50 na ushee, na mwaka wa 1847 akatoa nyingine: bomba la chuma la upana mmoja badala ya lile la mbao lililosinyaa kuelekea mwisho, na matundu makubwa kuliko ncha ya kidole, yote yakifunikwa na vifuniko vyenye pedi. Mwaka wa 1851 aliipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London ikapata tuzo. Fluti niliyonunua Gikomba ina mpango huo huo. Miaka 170 na zaidi, wamebadilisha vitu vidogo tu.

Sitaki kumpaka rangi, lakini. Boehm hakuwa anafikiria mtoto wa Gredi ya 5. Alitaka sauti kubwa na tuni safi. Kwamba mwanafunzi naye alipata unafuu, noti ikawa na tundu lake na ujanja mwingi ukaisha, hiyo ilikuja pamoja na hayo mengine. Na chombo chenyewe kilikuwa na mitambo mingi, si kitu cha mtu wa kawaida kununua.

Sasa, ungedhani watu walifurahi. Wapi! Nenda Paris, kwenye ile shule kubwa ya muziki, Conservatoire. Profesa wa fluti tangu 1829 alikuwa Jean-Louis Tulou, mpigaji mkali sana. Karibu mwaka wa 1840 suala la kufundisha fluti ya Boehm hapo shuleni likaletwa mezani. Tulou akapinga, na likakufa. Alisema sauti nzuri ya zamani itapotea. Na usimcheke haraka, kwa sababu alikuwa na pointi: fluti ya mbao ina rangi yake, na leo kuna watu wanaoipiga kwa makusudi wakicheza muziki wa enzi hizo. Ila pia alikuwa anatengeneza na kuuza fluti za mtindo aliokuwa anautetea. Hiyo hesabu fanya mwenyewe. Ilibidi Tulou aondoke ndipo Louis Dorus, aliyechukua nafasi yake mwaka wa 1860, aingize fluti mpya darasani. Miaka 20. Piga picha ni wanafunzi wangapi walipita hapo kati wakihangaika na matundu ambayo tayari yalishatafutiwa dawa.

Mimi hii tabia naijua kwa jina. Inaitwa "hata sisi tulipitia." Enzi za Fomu ya 1, ukiingia ulikuwa unabebeshwa sanduku la mtu, unafua soksi za mtu, na ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa hilo. Ukifika Fomu ya 3, wewe ndiye uliyekuwa unabebesha. Mtu aliyelipia ugumu kwa miaka kumi hafurahii kuona wewe unapita bure, kwa sababu akikubali kwamba njia rahisi ipo, basi ile miaka yake ilikuwa ya nini?

Kuna kisa kidogo kinachoonyesha hili vizuri kuliko Tulou. Boehm aliweka kibonyezo kimoja, cha noti inayoitwa Ji-shapu, kikae wazi. Kidole kidogo cha kushoto kinakandamiza, na ukitaka hiyo noti unakiinua. Kimekaniki ni rahisi zaidi, na kwa mtu anayeanza leo hakuna tofauti, kwani hajazoea chochote. Lakini waliozoea fluti za zamani walibonyeza kupata noti hiyo, hawakuinua. Wakalalamika. Dorus, huyo huyo, akatengeneza kibonyezo kinachokaa kimefungwa ili vidole vyao visisumbuke. Karibu kila fluti inayouzwa sasa ina kibonyezo cha namna hiyo, kilichofungwa. Yaani hadi leo mtoto anayeanza anabeba tabia ya vidole vya watu waliokufa zamani. Na hakuulizwa.

Tukirudi kwa ile rekoda juu ya friji, hiyo ilipita njia nyingine kabisa. Boehm alishughulika na vidole. Rekoda inashughulika na pumzi. Ndani ya mdomo wake kuna kijia chembamba kinachopeleka hewa moja kwa moja kwenye ukingo, kwa hivyo ile kazi iliyonichukua siku tisa inafanywa na chombo. Ni chombo cha zamani, kilikuwepo enzi za Bach, kikasahauliwa. Arnold Dolmetsch alianza kukitengeneza tena Uingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwalimu Edgar Hunt akakisukuma mashuleni miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili plastiki ikakifanya cha bei ya chini. Leo kiko kwenye mtaala wetu wa CBC, na wazazi mnajua, kwa sababu mlitumwa mkinunue. Sasa fikiria. Kati ya vyombo vyote, kilichaguliwa hiki kwa sababu mtoto anaweza kutoa sauti siku ya kwanza. Halafu tukafanikiwa kumwambia mtoto kwamba hafai hata kwa hiki.

Na usidhani kufikiria mkono wa anayeanza ni ujanja wa Wazungu pekee. Nilipotoka kampasi nilikaa kwa shangazi yangu Msambweni, na jirani yake, mzee wa Kidigo, alikuwa anapiga chivoti, filimbi ya mwanzi inayolazwa kando ya mdomo kama fluti. Nilimwomba anifundishe. Sikupewa yake. Akasema, "Lete mkono, mwanangu." Akaulaza mkono wangu juu ya kipande cha mwanzi, kifupi na chembamba kuliko chake, akaweka alama ya mkaa chini ya kila kidole, kisha akatoboa kwa chuma cha moto. Akafanya kinyume cha Boehm, mkono kwanza. Hiyo chivoti haiwezi kupigwa na piano hata kidogo, iko kwenye tuni yake yenyewe. Lakini nilikuwa na wimbo mfupi kabla ya wiki kuisha, na hakuna siku aliniambia chochote kuhusu vidole vyangu.

Siku hizi kuna fluti za watoto zenye kichwa kilichopindwa kama U ili mikono mifupi ifike, na za plastiki zisizochosha bega. Niliona bei. Tuendelee.

Jumamosi niliishusha rekoda. Nikamwambia tusahau mkono wa kulia kabisa, tupige noti tatu tu za mkono wa kushoto, na apulize kama anapoza chai, si kama anazima mshumaa. Hizo tatu alizipata kabla chapati hazijaiva. Shida yake ilikuwa noti ya chini kabisa, ile inayotaka kidole kidogo, na kweli hakikufika. Nikaishika sehemu ya chini ya rekoda, nikaizungusha kidogo kuelekea kwake, mpaka tundu likakutana na kidole.

Akapuliza. Mara ya kwanza ilipiga kelele, mara ya pili ikatoka, ya tatu ikatoka. Akaitoa mdomoni, akaiangalia ile sehemu niliyozungusha.

"Anko, kwani inazunguka?"

"Inazunguka."

"Na mbona mwalimu hakusema?"

Nilimwambia labda naye hakuambiwa. Akaizungusha mwenyewe, akarudi mwanzo, akapuliza tena.