Mvinyo wa Kireno Hupimwaje? Maelezo kwa Asiyekunywa

Neno mvinyo tumelipata kwa Wareno, wanaoliita vinho, kama tulivyopata kwao meza na leso. Jina tukalichukua, kinywaji wengi wetu tukakiacha. Mimi sinywi, na ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwa kusoma. Nayaandika kwa sababu vijana wetu wengi wako kwenye mahoteli ya Diani, Watamu na Malindi, na wapo wanaoambiwa kwamba bila ya kuonja hawataijua kazi. Si kweli.

Mwonjaji huanza na jicho. Glasi huinamishwa juu ya kitambaa cheupe. Mvinyo mwekundu ukiwa bado mpya huwa na uzambarau, ukizeeka huelekea rangi ya tofali. Mweupe huanza hafifu, kisha hukolea kama dhahabu.

Halafu pua. Glasi huzungushwa ili harufu ipande, na kasoro nyingi hujulikana hapo. Harufu ya katoni iliyorowa ni dalili ya kizibo kibovu. Vizibo hivyo hukatwa kwenye gome la mti, na takriban nusu ya gome hilo duniani hutoka Ureno.

Mwisho ulimi. Hupimwa uchachu, utamu, ukali wa kileo na ukakasi, kisha mwonjaji hutema. Ukakasi twaujua: ndio ule unaokausha mdomo ukila bibo au ndizi mbichi. Hutoka zaidi kwenye maganda ya zabibu. Mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, mweupe hukamuliwa kwanza yakaondolewa. Kwa hivyo mwekundu hupimwa sana kwa ukakasi, mweupe kwa uchachu.

Kila jimbo lina mizani yake. Vinho Verde iko kaskazini-magharibi, penye mvua za Atlantiki. Verde ni kijani, lakini maana yake ni upya, si rangi. Mweupe wa huko hutakiwa uwe mwepesi na mchachu. Douro ni miteremko ya mawe yenye joto kali, na zabibu yake maarufu, Touriga Nacional, ina punje ndogo na ganda nene. Mwekundu wake hutarajiwa kuwa na rangi nzito na ukakasi wa kutosha. Ule wa Alentejo, kusini kwenye jua, huwa laini zaidi.

Mipaka ya Douro iliwekwa mwaka 1756, wakati wa Marquês de Pombal. Hadi leo mvinyo haubebi jina hilo mpaka upimwe maabara na uonjwe na jopo lisiloambiwa ni wa nani. Herufi DOC kwenye lebo zaonyesha kwamba mvinyo umetimiza masharti ya jimbo lake.

Basi kazi ya kuonja imeshafanywa na wenyewe. Mhudumu akisoma jimbo, zabibu na mwaka, anaweza kumjibu mgeni. Mweupe huletwa kwa nyuzi 8 hadi 12, mwekundu 16 hadi 18. Na kwa desturi ya mezani, anayemiminiwa tone la kwanza alijaribu ni mgeni, si mhudumu.

Ama hukumu ya kuubeba na kuumimina, ziko hadithi zinazomtaja hata mwenye kubeba pombe, na kila mwenye kazi hiyo amuulize sheikh wake. Lakini asitokee msimamizi akamwambia kijana wa Kiislamu kwamba kunywa ni sehemu ya mafunzo.