Moduli ya mlango

Moduli ya mlango ni kifaa cha kielektroniki kinachoamua nani afunguliwe na nani abaki nje. Huunganishwa na kisoma kadi, kitufe cha kutokea, swichi ya sumaku na kufuli la umeme, aghalabu la volti 12. Kisoma kadi kikituma namba kwa muundo wa Wiegand wa biti 26, biti 8 hubeba namba ya mahali, 16 namba ya kadi na 2 ni za ukaguzi. Namba ya kadi basi haivuki 65,535.

Anayeisanidi hupanga sekunde za kufuli kubaki wazi na kengele ya mlango uliosahauliwa wazi. Uamuzi mzito ni mwingine: stima ikipotea, kufuli lifanyeje? Mamboleo, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, swali hili si la vitabuni, maana radi za ukanda wa Ziwa Viktoria hazina msamaha. Kufuli la sumaku huachia papo hapo: mwizi atafurahi, lakini moto ukizuka watu hutoka. Lile linalobana bila umeme hulinda mali, ila kitasa cha ndani lazima kifungue kwa mkono. Betri ya akiba hupunguza utata. Diodi ya shilingi chache kwenye nyaya za kufuli la mkondo mnyoofu huiokoa relei isiungue. Nenosiri la kiwandani libadilishwe kabla mteja hajakabidhiwa.