Daka na Komeo

Maneno mawili yamekuwa yakinishughulisha tangu nilipoyahamisha mashairi yangu kutoka kompyuta za watu na kuyaweka katika seva ndogo sebuleni kwangu: usalama na faragha. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. Usalama watokana na salama, hali ya kutofikwa na madhara. Faragha yatoka katika shina lenye maana ya utupu: mahali pasipo mtu wa pili. Basi neno la kwanza lamhusu adui. La pili lalihusu jicho, hata liwe la rafiki.

Waashi wa Lamu wa karne ya 18 waliijua tofauti hiyo. Mlango wenye komeo ulimzuia mwizi. Lakini nyuma ya mlango walipinda njia ya kuingilia, ili hata mlango ukiachwa wazi, mpita njia asiuone ua. Mgeni alikaribishwa dakani; wachache walifika misanani; ndani palikuwa pa wenyewe. Komeo lilikuwa usalama, kona ile ilikuwa faragha, wala hakuna fundi aliyedhani kimoja chaweza kufanya kazi ya kingine.

Wavuti nao ulianza kwa mtu kukaa kwake. Seva yake ya kwanza, mwaka 1990, ilikuwa kompyuta ya mezani ya Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, iliyobandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime. Kisha mwaka 2004 Gmail ikaja na gigabaiti nzima ya bure, nasi tukahamia upangani kwa furaha. Haki isemwe: komeo la nyumba ile lilikuwa imara kuliko lolote ambalo ningelitia mwenyewe. Ila hadi mwaka 2017 mitambo ya mwenye nyumba ilizipitia barua zetu ili ituchagulie matangazo. Tulikuwa salama, faragha ndiyo iliyokuwa kodi.

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania, katika sehemu ya haki iliyoingizwa mwaka 1984, huyataja maneno hayo mawili pamoja, faragha na usalama. Kiunganishi kile kidogo ndicho nilichokipuuza. Nilisimika Nextcloud, nikajiona bwana wa nyumba. Kumbe nywila ya ruta ilikuwa ile ile ya kiwandani, na diski ilikuwa moja tu. Mwizi hakuja. Diski ilikufa yenyewe, ikaondoka na utenzi niliokuwa nikimtungia marehemu mama. Hiyo ndiyo faragha iliyotimia: hakuna awezaye kuusoma, hata mimi.

Siku hizi nakala ya pili imo katika diski iliyoko kwa dada yangu Tanga, imesimbwa kwa ufunguo asioujua, naye hajaona vibaya. Utenzi nauandika upya kutoka kichwani. Nimefika ubeti wa 41.