Nyuzi Zilizotiliwa Shaka

Mnamo 1882 mtaalamu wa anatomia wa Ujerumani, Walther Flemming, alichapisha kitabu kilichoeleza kwa kina jinsi seli inavyogawanyika, na katika michoro yake ya seli za salamanda, zilizouawa kwa kemikali na kutiwa rangi, zilionekana nyuzi nyembamba zikitoka ncha mbili za seli hadi kwenye kromosomu, yaani miili inayobeba urithi. Katika seli hai, hata hivyo, hadubini za kawaida hazikuweza kuzidhihirisha nyuzi hizo, kwa kuwa ni angavu kama majimaji yanayozizunguka. Kwa miongo mingi wanabiolojia kadhaa walishuku kwamba ziliumbwa na dawa za kugandishia, wala shaka hiyo haikuwa ya kupuuzwa, maana dawa hizo kweli huzigandisha protini na kuzipa maumbo zisizokuwa nayo awali.

Aliyeiondoa shaka hiyo ni Shinya Inoué, Mjapani aliyeanza kuunda hadubini yake nchini kwao kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1948. Chombo hicho kilitumia mwanga ambao mawimbi yake hutetema katika mwelekeo mmoja tu, na kwa kuwa molekuli zilizopangika sambamba huubadilisha mwanga wa namna hiyo, nyuzi zilijitokeza ziking'aa ndani ya seli hai bila rangi wala sumu. Mwaka 1953 Inoué alichapisha ushahidi kutoka kwenye mayai ya mnyoo wa baharini na seli za yungiyungi zinazozaa chavua. Jambo kubwa zaidi, ambalo pengine halikuthaminiwa ipasavyo wakati ule, ni kwamba seli ilipopozwa nyuzi zilififia zikatoweka, na ilipopata joto tena zikajengeka upya. Aidha, zilipoyeyushwa polepole kwa kolkisini, dawa ya kale ya jongo, zilifupika huku zikizivuta kromosomu. Kubomoka kwenyewe, basi, kuliweza kuwa chanzo cha nguvu.

Hadubini ya elektroni ilionyesha miaka ya 1960 kwamba nyuzi hizo ni mikrotubuli, vijibomba vyenye kipenyo cha nanomita 25 hivi, na mwaka 1967 Gary Borisy na Edwin Taylor waliitambua protini inayoshikwa na kolkisini, ambayo baadaye iliitwa tubulini na ndiyo tofali la vijibomba hivyo.

Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner waligundua kwamba katika kimiminika kimoja baadhi ya mikrotubuli hurefuka huku nyingine zikiporomoka ghafla, kwa sababu ncha inayokua hulindwa na tubulini iliyobeba molekuli ya nishati, na ulinzi huo ukiisha, uzi husambaratika. Miaka miwili baadaye walipendekeza kwamba seli hunufaika na hali hiyo: mikrotubuli huchomoza pande zote, zinazokosa shabaha huvunjika na tubulini yake hutumika tena, na zile tu zinazoigusa kromosomu hudumu.